Bati la Keki

Jumamosi, Winnipeg. Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri,
na watoto wanauliza kama wanaweza kucheza nje.
Mwaka wa kwanza ningewajibu: mna wazimu?
Huu ni wa nne. Nasema: vaeni soksi mbili mbili.

Huku friza ni mapambo ya jikoni.
Uani kote ni friza, tangu ngazi za mlango wa nyuma
hadi uzio wa Bi Orysia,
aliyewafundisha mchezo huu kwa mikono zaidi kuliko maneno:
bati la keki, maji, chochote chenye rangi,
uzi wa kutundikia,
kisha liache nje lilale.

Nuhu, miaka tisa, ni mtu wa ramani.
Alichora kwanza: majani ya msonobari pembeni,
maganda ya chungwa katikati, yamepangwa kama mapanga ya feni.
Salha ana sita na haamini michoro.
Yeye hutia tu. Kitufe. Ganda la kitunguu chekundu.
Iliki alizochota koponi.
Unyoya wa njiwa niliomkataza,
akautia nilipogeuka.

Baba yao katoka zamu ya usiku, kiwanda cha mabasi,
kasimama mlangoni na kikombe, macho mekundu,
dakika tano tu, anasema, dakika tano nikalale.
Saa nzima baadaye yuko magotini thelujini,
anapima maji kwa kikombe kilekile cha chai,
ndevu zimemganda:
"Hapa pamepauka. Leteni bitiruti."

Asubuhi tulimimina maji vuguvugu mgongoni mwa mabati,
na kila duara likatoka kwa mlio mdogo
kama mtu anayekiri kosa.
Saba. Tukayatundika kwenye mti usio na jani hata moja.
Jua la Januari, lile lisilopasha hata ukucha,
likapenya ndani yake,
na theluji, iliyokuwa nyeupe tangu Novemba,
ikapata madoa ya manjano na zambarau.

Hapo ndipo nilipoiona.
Katika duara la Salha, kati ya kitufe na iliki,
hereni yangu.
Ile moja. Pacha wake nilimwacha sijui wapi,
katika kiwanja kimojawapo cha ndege kati ya vitatu,
na hii nimeitunza miaka yote katika kikombe kisicho na mkono,
nikisema, ipo siku.

"Salha!"
"Ilikuwa peke yake, mama. Halafu inang'aa."

Birika lilikuwa bado la moto mkononi mwangu.
Nikapiga hesabu: dakika mbili, pengine tatu, basi.
Nuhu alinitazama, akalitazama duara, akatazama viatu vyake.
Bi Orysia akachungulia juu ya uzio, kofia imemfika puani,
akasema neno moja kwa lugha ya kwao
na sikuuliza maana yake.

Maji nikayamwaga thelujini.
Yakachimba shimo, shimo likatoa moshi,
likanyamaza.

Sasa ni mwisho wa Machi.
Matano yameshaanguka. La Nuhu limebaki kama sarafu
yenye ganda la chungwa linaloning'inia nje, halina habari.
La Salha, sijui kwa nini, ndilo gumu.
Kila siku kabla ya basi la shule anapanda kiti na rula,
anapima kutoka hereni hadi ukingoni:
sentimita tatu.
Mbili na nusu.
Jana usiku baridi ilirudi, akasema, "Haijabadilika," kwa furaha,
kana kwamba tumeshinda kitu.

Chini ya mti ametega bati langu,
lile zuri, la kwenda na kurudi kwenye sherehe za watu,
ili hereni ikidondoka isipotelee matopeni.
Ndugu wananiuliza mbona siku hizi sioki.
Nawaambia bati lina kazi.